Karatasi Kwanza, Dawa Baadaye

Mama Générose ana sheria moja ya kazi, na hujigamba nayo kwa kila anayekaa kwenye benchi lake: vidole vyake vinachapa, yeye hasomi. Kwa miaka ishirini na sita amechapa talaka za watu, wosia, maombi ya kazi, barua za mapenzi za wanaume wenye mwandiko mbaya, na kazi za kumaliza masomo za wanafunzi wasio na idadi. Ukimwuliza ndani yake mlikuwa na nini, atakuambia hajui. Anaongopa, bila shaka. Anasoma kila kitu, tena anasahihisha. Lakini uongo huo unawapa wateja amani, naye anaushikilia.

Kibanda chake kiko Makiso, mtaa wa katikati ya mji wetu, hatua chache kutoka lango la kitivo kimoja, kati ya muuza vocha na mahali vijana wa toleka, wabeba abiria, wanapoegesha baiskeli zao. Kina kuta za mbao, turubai la bluu, kompyuta, printa, na jenereta ndogo anayoigombeza kama mume mvivu. Mume wa kweli alifariki zamani, na watoto wameoa na kuolewa. Yeye mwenyewe ni mtu wa mtoni, mzaliwa wa upande wa Isangi, binti wa muuza samaki wa kukausha. Baba huyo alipokufa, kiwanja cha familia kilichukuliwa na mtu wa mbali aliyekuja na karatasi yenye muhuri, wakati wao walikuwa na mashahidi tu. Générose alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mtu asiye na karatasi ni hewa tu, na akaenda kujifunza kuchapa kwa masista.

Nayasema haya mapema ili msimhukumu vibaya kwa kile alichokifanya Jumatatu ile.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wavulana wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri kazi zao, na nyuma yao alisimama msichana mrefu mwenye kitambaa kichwani na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliitwa Kanyere, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Baba yake ni papa Paluku, yule mfanyabiashara wa jumla wa mafuta ya kupikia na sabuni aliyekuja kutoka Butembo na kufungua depo hapo hapo Makiso. Générose alimjua baba kwa sura, binti hakumjua. Zamu yake ilipofika, Kanyere aliitoa karatasi, akaiweka mezani, akaomba ichapwe vizuri, iwe barua ya mashtaka ya kupeleka polisi.

Générose alianza kama kawaida, macho kwenye karatasi, vidole vikienda vyenyewe. Katika aya ya pili vidole vilisimama.

Msichana aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule. Aliandika kwamba Ijumaa, saa kumi alasiri, alikwenda kuchukua vitini vya masomo kwa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, mtu aliyemfahamu, na kwamba mtu huyo alifunga mlango na kumlazimisha. Hakuweka maneno makali. Aliandika tarehe, saa, jina, nambari ya nyumba, na kwamba alisema hapana.

Générose aliinua uso. Msichana alikuwa akiangalia printa.

Basi mama yule aliwaambia wavulana wino umekwisha, warudi kesho. Mmoja alitaka kubisha, akatupiwa jicho moja tu, wakaondoka. Aliteremsha turubai la mbele, akamvuta Kanyere akae kwenye kiti cha ndani, kile chenye mto, ambacho hata mchungaji wake hajawahi kukikalia. Mtu anayeishi kwa maneno ya wengine, siku ya kutafuta yake mwenyewe hukwama, naye alikwama vibaya. Akajikuta anasema neno pekee aliloliamini.

“Mutoto yangu, hii karatasi tutaitengeneza muzuri, hakuna mutu ataikataa.”

Kanyere aliitikia kwa kichwa. Kisha akaeleza, kwa sauti ndogo, kwa nini karatasi ile ilikuwa na haraka. Rafiki yake Merdi, ambaye anasoma sheria na anajua mambo, alimwambia hospitali haimgusi mtu wa kesi kama ile mpaka alete réquisition, yaani ile barua ya polisi ya kumwomba daktari ampime mtu. Jumamosi alikwenda polisi. Askari wa mlangoni hakumwuliza jina wala hali, alimwambia tu ofisi inayohusika inafunguliwa Jumatatu, na alete mashtaka yaliyochapwa, maana ya mkono hayapokelewi. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ingeleta karatasi ya pili, na karatasi ya pili ingefungua mlango wa hospitali. Générose alilisikia lile na likaingia akilini moja kwa moja. Ndivyo mji wetu unavyokwenda, na ndivyo yeye mwenyewe angemshauri.

Akafanya kazi. Alichapa kichwa cha barua, akapanga pembeni orodha ya wakubwa watakaopewa nakala, kuanzia mkuu wa polisi hadi mkuu wa kitivo. Alianza aya ya kwanza kwa maneno ambayo kila barua ya kiofisi huanza nayo, kwamba mwandishi ana heshima kubwa kuja mbele ya mamlaka yake kuu. Kanyere alisoma kwenye skrini, akaweka kidole chini ya mstari ule.

“Mama, hapa ni lazima niseme niko na honneur?”

Générose aliona aibu mpaka masikioni. Akaufuta mstari. Barua bila mstari ule haikusimama sawasawa, ikabidi aipange upya. Kisha umeme ukakatika. Jenereta ikagoma, akaipiga teke, akaifungua plagi na kuisugua, akamtuma mtu akalete mafuta. Ilipowaka alichapa tena, akarekebisha nukta na mikato, akaona nambari ya nyumba imekosewa, akachapa nakala nyingine. Alitaka hakimu yeyote atakayeishika aone kazi ya mtu anayejua kazi. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Kanyere alikaa kwenye kiti chenye mto, akanywa chai, akala nusu ya andazi. Mara moja alisinzia, kichwa kikiegemea ukuta wa mbao, na Générose akapunguza kasi ili asimwamshe. Nasikia uchungu kulisimulia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa: alipunguza kasi.

Saa saba kasoro akaingia Claudine, muuguzi wa hospitali moja ya mjini, aliyekuja kuchapisha ratiba ya zamu. Claudine ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na huingia popote bila kubisha hodi. Alilisukuma turubai akaingia. Générose alishukuru kumwona. Kwa hila yake akamwuliza, kama swali la kazi tu, bila jina la mtu, kama mganga mkuu naye apewe nakala ya barua ya mashtaka ya namna fulani, au hospitali itangoja réquisition ya polisi peke yake.

Claudine aliweka mkoba chini. Hakujibu swali. Aliuliza mambo yale yalitokea lini. Générose akasita, akamwangalia msichana, na msichana akajisemea mwenyewe.

“Ni miye. Ilikuwa vendredi, saa kumi.”

Claudine akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Ijumaa hadi Jumamosi, Jumamosi hadi Jumapili, Jumapili hadi leo. Alipomaliza, ile sauti ya kuita ng'ambo ya mto haikutoka. Alisema polepole.

“Karatasi iko ya kazi gani? Dawa ya kukinga SIDA tunapana mbele ya masaa sabini na mbili. Kisha pale hatupane tena. Na haiombe karatasi ya polisi, haiombe ata franga. Simama twende.”

Générose alitazama saa ya kompyuta, kisha zile nakala nne alizozipanga vizuri pembeni, na akaelewa alichokifanya. Alikuwa amemkalisha mtoto wa watu masaa matatu juu ya mikato, zile virgule zake.

Kulikuwa kumeanza kunyesha, mvua ya mkoa wetu wa Tshopo, isiyo na salamu, na waendesha pikipiki wote walikuwa wamejibanza chini ya mabaraza. Wa kwanza alikataa, wa pili akataja bei ya kijinga. Générose, ambaye hugombania hata bei ya pini, alikubali kabla mtu hajamaliza kuitaja. Claudine na Kanyere walipanda pikipiki moja, yeye akapanda nyingine nyuma yao, kibanda akimwachia muuza vocha. Maji yalimwingia shingoni. Njia nzima alikazia macho mgongo wa msichana, kana kwamba akiacha kumtazama pikipiki itazimika.

Hospitalini, Claudine aliwapitisha pembeni ya msururu hadi chumba kidogo chenye pazia. Alikuwepo daktari mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Fortunée, na mezani kwake hapakuwa na rundo la faili, bali maji na gilasi. Kanyere alikiri kwamba nguo alikwisha kuzifua Ijumaa ile ile, akalisema kama anaungama dhambi. Daktari akamwambia hilo halifungi mlango wowote, watu karibu wote hufanya hivyo. Kisha akaeleza kila kitu kabla ya kukifanya. Nitakutoa damu, unakubali? Kuna vidonge vya kuzuia mimba, unavitaka? Kuna chanjo, unataka leo au kesho? Tunaweza kupima na kuandika tulichokiona, au tunaweza kuacha. Générose, aliyekuwa ameambiwa abaki kwa sababu msichana aliomba hivyo, aliona jinsi Kanyere alivyokuwa akijibu: mwanzoni kwa kichwa, kisha kwa neno moja, mwishowe kwa sentensi. Tangu Ijumaa hakuna aliyemwuliza anataka nini.

Alimeza kidonge cha kwanza saa tisa na dakika ishirini. Zilibaki dakika arobaini.

Na ile karatasi? Ilitoka yenyewe pale pale. Daktari aliandika cheti chake baada ya kumtibu, akapiga muhuri, akamwambia mwenye uamuzi wa kwenda polisi ni yeye, leo au mwezi ujao, na akiamua watampa mtu wa kumsindikiza. Générose alizitazama herufi za daktari, mbaya kupita kiasi, zisizo na mkato hata mmoja mahali pake, na hakusahihisha hata moja.

Walipotoka mvua ilikuwa imekata. Kanyere akasema ana njaa. Ni neno dogo, lakini Claudine alicheka kwa furaha, na Générose akaenda kutafuta lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki kama mtu aliyetumwa na mfalme.

Dawa ile ya kukinga UKIMWI humezwa siku ishirini na nane, bila kuruka. Kanyere hakutaka vidonge vionekane nyumbani. Mama yake alikuwa Butembo na wadogo zake, baba alikuwa safarini kufuata mizigo, na dada wa kazi ana mdomo mrefu. Kwa hiyo chupa ilikaa kibandani, kwenye droo ya wino, na kila siku baada ya kipindi cha mchana msichana alikuja, akala kwanza, akameza, akakaa. Siku ya tisa kichefuchefu kilimzidi, akasema basi, anaacha. Générose hakuwa na hotuba. Alimpigia Claudine, Claudine akaja na dawa ya kutuliza tumbo na maneno makali kidogo, na siku ya kumi ikamezwa. Mara mbili kwa wiki alikwenda kwa mama wa hospitali anayesikiliza watu, akirudi na macho mekundu na mabega mepesi. Kati ya hayo alianza kumsaidia Générose kuchapa. Alikuwa na kasi kuliko mwenye kibanda, jambo lililomkera mwenye kibanda kwa namna ya kupendeza, na wateja wakaanza kumwulizia.

Kilichobaki ni baba. Kanyere hakuogopa fimbo, papa Paluku hajawahi kumpiga mtu. Aliogopa mapatano. Alijua jinsi mambo kama yale yanavyomalizwa: wazee wa upande wa pili wanakuja na mbuzi, vinywaji na katekista, wanaomba lisemwe kati ya wazazi, na likishasemwa msichana anaambiwa ashukuru, pengine hata aolewe. Sheria inakataza, lakini sheria haiketi sebuleni.

Baba alirudi siku ya kumi na mbili. Kanyere alimwomba aje kibandani, kwa sababu nyumbani asingeweza kuanza. Papa Paluku alifika amevaa shati safi, akidhani ameitwa kuona kazi ya mtoto wake, akakaa kwenye benchi. Générose akateremsha turubai, na msichana akasema yote mwenyewe, mikono imefungwa mapajani.

Mzee alivua kofia. Akaizungusha mikononi. Kisha akauliza:

“Ni nani mwingine anajua?”

Hapo Générose alihisi damu inampanda. Hayo ndiyo, alijisemea, jina la nyumba limetangulia mbele ya mtoto. Alikuwa ameshafungua mdomo kumpasha, mzee alipoendelea.

“Ule mwenye alijua na akamusaidia mutoto yangu, nataka nimusalimie.”

Kanyere alimwonyesha kwa kidevu. Papa Paluku alisimama, akamshika Générose mkono kwa mikono miwili, akalia. Mwanamume wa depo, mwenye kubeba magunia tangu utoto, alilia kibandani bila kuficha uso. Binti yake akamwambia hataki agombane na mtu. Anataka kitu kimoja tu: wakija, asikubali.

Wazee wa upande wa pili wakaja, wiki hiyo hiyo. Papa Paluku hakuwaingiza ndani. Aliwasikiliza pale barazani mbele ya wateja wake, mbuzi wakilia, kisha akawaambia binti yake ndiye mwenye neno, na neno lake liko mahakamani. Kanyere alikuwa amepeleka mashtaka siku mbili kabla, akisindikizwa na mtu wa hospitali. Kesi bado inatembea kwa mwendo wake. Yule mtu hayuko tena chuoni, na Kanyere hapishani naye kwenye ngazi. Hilo peke yake, anasema, limemrudishia usingizi.

Kipimo cha mwisho kilikuwa baada ya miezi mitatu. Watu wengi walidhani aliyekuwa na roho juu siku hiyo ni msichana. Kumbe Générose hakuwa amelala wiki nzima. Claudine alikwisha kumwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia Kanyere, kwamba hata ndani ya yale masaa sabini na mbili, kila saa ina uzito wake, na aliyemeza mapema ana bahati kuliko aliyemeza mwishoni. Kwa miezi mitatu alikuwa akichapa huku anahesabu: saa nne, saa tano, saa sita, saa saba. Kama damu ingekuja na habari mbaya, yeye ndiye angekuwa ameiandika.

Damu ilikuwa safi. Kanyere alikuja kutoka hospitali kwa miguu, akakuta wanafunzi sita kwenye benchi, akampa Générose ile karatasi. Mama akaisoma mara moja, kisha mara ya pili, akavua miwani. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma, na ndipo lile alilolificha likatoka, mbele ya watu, kwa sauti ya chini.

“Kanyere, kuko kitu sikukuambiaka. Ile siku ya kwanza nilikuchelewesha masaa tatu, juu ya virgule. Kama ingekuwa mubaya, makosa ingekuwa ya miye. Unisamehe.”

Msichana alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeombwa msamaha kwa mvua.

“Mama, ile samedi nilitoka polisi, nilipita hapa mara tatu na ile karatasi mukononi. Kulikuwa batu mingi, nikarudia. Kesho yake, dimanche, nilikaa peke yangu, mulango imefungwa, sikukula. Kama ungesema pale pale twende hospitali, ningekimbia. Ile masaa tatu ni ya kwanza nilikaa na mutu.”

Générose aliweka kichwa juu ya meza, kando ya printa, akalia kwa sauti mchana kweupe, na wanafunzi sita wakasubiri kazi zao bila mmoja wao kuuliza zitakwisha saa ngapi.